Zimamoto Wakitangaza Nafasi, Wakukute Umeshajiandaa

Swali linalonifikia kuliko yote, kutoka kwa vijana waliomaliza kidato cha nne na kutoka kwa wazazi wao, ni hili: naingiaje Zimamoto? Nimelijibu kwenye simu, kwenye daladala, hata msibani. Leo nalijibu kwa kirefu, kwa sababu inaniuma kuona vijana wazuri wanaikosa kazi hii kwa mambo madogo ambayo yangekwisha kama wangeyaanza mapema.

Tangazo la ajira likishatoka, muda wa kuomba huwa mfupi, mara nyingi kama wiki mbili. Ndani ya wiki mbili huwezi kuwa na uhakika wa kupata cheti cha kuzaliwa kilichopotea, wala namba ya NIDA. Pumzi za kukimbia ndiyo kabisa, hazipatikani dukani. Kwa hiyo karibu kila kitu nitakachoandika hapa ni cha kufanya sasa, wakati hakuna tangazo lolote.

## Unaomba wapi hasa?

Kwa Tanzania Bara, mwajiri ni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililoundwa kwa Sheria Namba 14 ya mwaka 2007. Zamani huduma hii ilikuwa mikononi mwa halmashauri. Siku hizi ni jeshi moja la Bara yote, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na makao makuu yake yako Dodoma. Kwa hiyo usipeleke bahasha halmashauri, wala usikae unachungulia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira peke yake. Fuatilia tovuti ya Jeshi lenyewe na ya Wizara. Anwani zote mbili huishia na go.tz.

Zanzibar ni habari nyingine. Kuna Kikosi cha Zimamoto na Uokoaji Zanzibar, kimojawapo cha vikosi vya Idara Maalumu za SMZ, chenye matangazo na masharti yake.

Wasomaji wa Kenya, kwenu kazi hii ni ya kaunti. Katiba ya 2010 iliweka huduma za zimamoto kwenye orodha ya majukumu ya kaunti, kwa hiyo fuatilia matangazo ya bodi ya utumishi wa umma ya kaunti yako, na uanze mapema kutafuta cheti cha tabia njema kutoka DCI. Uganda, zimamoto ni kurugenzi ndani ya Polisi, hivyo njia yake ni ya kujiunga na Polisi. Kuanzia hapa naandika zaidi kwa ajili ya Bara, ingawa mengi ya makaratasi, mwili na matapeli yanawahusu wote.

## Kazi yenyewe ni zaidi ya moto

Jina linawadanganya wengi. Ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, Novemba 2022, ile ilikuwa kazi ya uokoaji wa majini. Jengo lilipoporomoka Kariakoo Novemba 2024, kazi ilikuwa kutafuta watu chini ya zege, kwa siku kadhaa, kwa uangalifu wa kutisha, maana kifusi kikisogezwa vibaya kinamwangukia yule yule unayemtafuta. Kuna visima, mafuriko na magari yaliyobana watu barabarani. Kuna pia ukaguzi wa majengo na kutoa elimu, kazi zisizoonyeshwa kwenye taarifa ya habari lakini huchukua siku nyingi za askari.

Basi jiulize kwa ukweli, peke yako:

- Naweza kupanda ngazi ndefu bila miguu kulegea?
- Naweza kukaa mahali pembamba na penye giza?
- Naweza kumgusa majeruhi au maiti, kisha kesho nirudi kazini?
- Naweza kupangiwa Katavi au Mtwara na nikaenda?

Ukijibu hapana kwa swali la kwanza au la pili, usikate tamaa, hayo huzoeleka. Ukijibu hapana kwa la mwisho, tafuta kazi nyingine. Matangazo husema wazi kwamba mwombaji awe tayari kufanya kazi popote nchini, na hawatanii.

## Masharti yanayojirudia

Usikariri masharti ya mwaka jana, wala usiamini picha ya tangazo inayozunguka kwenye WhatsApp. Tangazo la safari hiyo ndiyo sheria ya safari hiyo. Hata hivyo, kuna mambo ambayo kwa kawaida hujirudia:

- uraia wa Tanzania;
- umri kuanzia miaka 18, na kwa wa kidato cha nne na cha sita mara nyingi mwisho huwa 25, wenye fani huongezewa kidogo;
- cheti cha kidato cha nne au zaidi;
- namba au kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa;
- afya njema ya mwili na akili;
- kutokuwa na rekodi ya uhalifu;
- kutokuwa na alama za kuchora mwilini;
- mara nyingi, kutokuwa na ndoa wala mtoto;
- urefu wa kiwango fulani, tofauti kwa wanaume na wanawake.

Kuhusu urefu, kuna kosa linalowaponza watu bure. Ukiona "futi 5.7", kwa mazoea ya matangazo yetu maana yake ni futi 5 na inchi 7, yaani karibu sentimita 170. Ukiipiga kwenye kikokotoo kama desimali utapata karibu sentimita 174, na nimewaona vijana wakijiondoa wenyewe kwa hesabu hiyo. Futi 5 na inchi 4 ni karibu sentimita 163. Kapimwe zahanati, bila viatu, asubuhi, na uandike namba yako kwa sentimita.

"Mimi nina fani, siyo kidato cha nne tu." Vizuri sana. Jeshi hili linahitaji madereva wa magari makubwa, mafundi magari, mafundi umeme, mafundi bomba na wauguzi. Mwenye cheti cha VETA na leseni ya daraja husika huwa na mlango ambao wa kidato cha nne mtupu hana. Ila omba kwenye kundi lako. Ukiomba kama wa kidato cha nne huku umri wako ni wa wenye fani, mfumo unakutupa nje kabla mtu hajakusoma.

"Mimi ni msichana." Omba. Nafasi ni za jinsia zote, na wanawake wamo kwenye magari na kwenye uokoaji.

## Makaratasi ndiyo yanayoangusha wengi

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapoangukia.

Jioni moja mpwa wangu aliketi mezani kwangu na bahasha ya kaki. Nikamwambia apange karatasi zake kwa mstari. Cheti cha kuzaliwa kilisema Hamisi Juma Ally. Cheti cha kidato cha nne, Khamis J. Ali. NIDA ikasema Hamis Ally Juma. Mtu mmoja, karatasi tatu, na hakuna hata mbili zilizokubaliana. Alikuwa ameishi na tofauti hizo miaka sita bila kuziona. Afisa wa uhakiki angeziona kwa sekunde tatu.

Fanya alivyofanya yeye jioni ile. Tandika vyeti vyote, chukua daftari, nakili jina herufi kwa herufi na tarehe ya kuzaliwa kutoka kila karatasi, moja chini ya nyingine. Kisha angalia:

1. Majina. Cheti cha shule ndicho kigumu zaidi kubadilika, kwa hiyo kwa kawaida vingine ndivyo vinavyosogezwa kukifuata. Kosa likiwa NIDA, nenda ofisi ya wilaya ukaombe marekebisho. Kama ni jina lililobadilika kabisa, muone wakili kuhusu hati ya kubadili jina inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kiapo cha kawaida cha mahakamani hakikubaliki kila mahali, kwa hiyo uliza kabla hujalipa.
2. Tarehe ya kuzaliwa. Usijaribu kuichezea ili umri uingie. Shuleni imeandikwa, NIDA imeandikwa, na kughushi ni jinai inayokuharibia na nafasi za miaka ijayo.
3. Cheti cha kuzaliwa. Kama huna, anza RITA leo. Kama unacho cha zamani, kihakiki kwenye mfumo wao wa mtandaoni.
4. Cheti halisi cha shule. Karatasi ya matokeo uliyochapisha mtandaoni siyo cheti. Kama cheti bado kiko shuleni kwa sababu ya deni la ada au dawati, kalimalize deni hilo. Kama kimepotea, katoe taarifa polisi, kisha fuata utaratibu wa Baraza la Mitihani. Unachukua muda.
5. Barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Hii isubiri tangazo, maana hutakiwa iwe ya karibuni. Lakini mfahamu mtendaji wako mapema, na yeye akufahamu kwa wema.

Nakala zikitakiwa ziwe zimethibitishwa, mwanasheria au hakimu ndiye anayepiga muhuri, na apige akiwa ameona halisi.

Yule mpwa wangu alitumia miezi minne kurekebisha NIDA peke yake. Tangazo lilipotoka, alikuwa na bahasha safi.

## Siku ya kuomba

Maombi ya miaka hii hupita kwenye mfumo wa ajira wa Jeshi mtandaoni. Hayana ada. Utakayolipia ni bando lako na duka la kuskani.

- Tumia barua pepe yako mwenyewe, na nywila uiandike daftarini. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alijaziwa fomu na mhudumu wa duka la intaneti, kwa barua pepe ya mhudumu. Taarifa ya kuitwa usaili ikaingia kwenye simu ya mtu aliyekuwa ameshahamia mkoa mwingine. Kijana alikuja kujua baada ya wenzake kurudi.
- Namba ya simu iwe ile utakayokuwa nayo mwaka mzima, siyo ya rafiki.
- Skani vyeti kwa mwanga mzuri, kurasa zisikatwe pembeni, na faili liwe na ukubwa uliotajwa.
- Usisubiri siku ya mwisho. Mfumo huelemewa, umeme hukatika, na hakuna wa kukuongezea saa.
- Ukimaliza, piga picha ya skrini yenye uthibitisho wa kupokelewa.

## Barua ya maombi

Kama tangazo linataka barua iandikwe kwa mkono, iandike kwa mkono. Nimeona wanaochapa ili ipendeze, wakaanguka kwa hilo tu. Barua yenyewe iwe ukurasa mmoja:

- anwani yako na tarehe, kisha ya Kamishna Jenerali, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Dodoma, kwa sanduku la posta lililo kwenye tangazo;
- "YAH: MAOMBI YA AJIRA", pamoja na kundi unaloomba;
- aya ya kwanza: jina kamili, umri, elimu, mwaka wa kumaliza;
- aya ya pili: unachoweza kufanya. Unaogelea, unaendesha gari, ulipita JKT, ulisomea huduma ya kwanza. Andika la kweli tu, kwa sababu utaulizwa;
- mwisho: utayari wa kwenda mafunzoni na kupangiwa popote, sahihi, jina.

Usiandike habari za umaskini wa nyumbani. Najua ni za kweli na zinauma, ila anayesoma ana rundo la barua zenye habari hiyo hiyo, na anatafuta mtu wa kubeba majeruhi.

## Mwili

Wengi hufikiri maandalizi ni kuvimbisha kifua. Hebu fikiria mpira wa maji wenye upana wa milimita 65 na urefu wa mita 20. Ukijaa, ndani yake mna maji lita 66 hivi, maana yake kilo 66, na unatakiwa kuuburuta kuzunguka kona ya nyumba. Ongeza koti zito, buti, helmeti na mtungi wa hewa mgongoni, vitu ambavyo kwa pamoja vinaweza kupita kilo 20. Kinachotakiwa ni pumzi, miguu, mgongo na vidole vya kushika.

Anza angalau wiki 12 kabla, bila gharama:

- Kimbia mara tatu kwa wiki. Anza na kilomita 2 za polepole, ufike 5 bila kusimama.
- Panda ngazi za jengo au mlima mdogo ukiwa na ndoo ya mchanga. Anza na nusu ndoo. Badilisha mkono.
- Pushapu na kuning'inia kwenye bomba, kidogo kidogo kila siku.
- Jifunze kuogelea, na uwe na mtu anayejua. Usijifunze peke yako ziwani.

Kuna zoezi moja mwenye uzoefu alinionyesha, na nimelipenda kwa sababu linakuonjesha kazi. Funga macho kwa kitambaa chumbani kwako, piga magoti, utafute mlango ukifuata ukuta kwa mgongo wa kiganja, siyo kwa kiganja chenyewe. Mgongo wa kiganja ukikuta waya wenye umeme, mkono hujikunja kuelekea kwako na kuachana nao. Kiganja kikikuta waya, vidole hufunga na kung'ang'ania. Chumba unachokilalia kila siku kitakupotea ndani ya dakika moja. Moshi ndivyo ulivyo, tena una joto.

Kuhusu afya, pima kabla hujapimwa. Shinikizo la damu, macho, pumu, kifafa, ngiri. Baadhi ya haya yanatibika kama umeyajua mapema. Usifiche pumu. Ndani ya jengo lenye moshi, siri hiyo itakuua wewe pamoja na mwenzako atakayerudi kukufuata. Bangi na dawa nyingine za kulevya, achana nazo kabisa.

## Usaili: watakuuliza nini?

Watahakiki vyeti halisi, watakupima urefu na afya, huenda ukakimbizwa, na utahojiwa. Maswali hayana uchawi. Mtu anayeitaka kazi hii anatakiwa kujua angalau haya:

- Namba ya dharura ya Zimamoto ni 114. Inashangaza wangapi hawaijui.
- Moto unahitaji vitu vitatu: joto, hewa, na kitu cha kuungua. Ondoa kimoja, unazimika.
- Mafuta ya kukaangia yakiwaka, maji hayamwagwi. Maji huzama, huchemka ghafla na kurusha mafuta yanayowaka. Zima jiko, funika sufuria.
- Moto wa umeme, kata umeme kwanza.
- Lori la mafuta likipinduka, watu wakae mbali. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walikufa kwa sababu walisogea kuchota petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini hadi ukute cheche.

Jiandae pia kwa swali la wananchi: kwa nini gari la zimamoto hufika kisha likaishiwa maji? Jibu ni hesabu. Gari lenye lita 5,000, mipira ikitoa lita 500 kwa dakika, linaishiwa maji ndani ya dakika 10. Baada ya hapo kinachoamua ni bomba la barabarani la kujazia maji, na kama halijajengewa ukuta au kibanda juu yake. Kijana anayeweza kueleza hivi kwa utulivu, bila kuwadharau wananchi wala kulitetea Jeshi kwa maneno matupu, anaonekana anajua anakokwenda.

Ukiulizwa "kwa nini unataka kazi hii?", usiseme tu "napenda kusaidia watu". Sema tukio uliloliona na kilichokugusa. Namkumbuka kijana mvuvi wa Bukoba aliyepiga kasia hadi kwenye ile ndege mwaka 2022, na Rais akaagiza aingizwe Jeshi la Zimamoto. Yeye hakuhitaji kueleza kwa nini. Wewe huna ndege, lakini huenda una nyumba ya jirani iliyoungua ukabeba ndoo. Hilo linatosha.

## "Bila mtu ndani huingii"

Hili huniumiza zaidi kuliko yote. Vijana huniambia maandalizi ni bure, nafasi zina wenyewe. Siwezi kukuapia kwamba hakuna aliyewahi kubebwa. Ninachokuapia ni kwamba anayekuomba milioni mbili ili "akuingize" anakuibia. Akitumiwa fedha na watu kumi, wawili wakapita kwa juhudi zao, atajisifu kwa hao wawili na kuwakimbia wanane. Familia huuza shamba kwa ajili ya hili.

Dalili za tapeli:

- anataka fedha ya fomu, ya sare, ya "faili" au ya vipimo, itumwe kwa simu ya mtu binafsi;
- ana orodha ya majina kabla Jeshi halijaitoa;
- anakwambia usimwambie mtu;
- anwani yake haiishii na go.tz.

Usitume hata senti. TAKUKURU hupokea taarifa kwa namba 113, bila malipo.

## Ukiitwa, na usipoitwa

Ukiitwa, mafunzo ya awali hufanyika kwenye chuo cha Jeshi kilichopo Chogo, Handeni, mkoani Tanga. Ni ya kijeshi: kwata, amri, kuamka alfajiri, pamoja na moto na uokoaji wenyewe. Nenda na vitu vilivyoandikwa kwenye wito tu, na vyeti halisi uvibebe mwilini, siyo kwenye buti la basi. Nauli na matumizi ya safari ya usaili ni juu yako, kwa hiyo anza kuweka akiba sasa, hata elfu mbili kwa wiki.

Usipoitwa, piga hesabu ya umri wako kwanza. Mwenye miaka 20 ana nafasi ya kujaribu tena na tena. Mwenye 24 ana moja au mbili, na kwake nashauri asikae bure: aende VETA akasomee udereva au ufundi umeme, ili safari ijayo aombe kwenye kundi lenye umri mrefu zaidi. Mafunzo ya huduma ya kwanza ya Msalaba Mwekundu nayo yanaongeza uzito. Na nenda kituo cha zimamoto kilicho karibu nawe, mchana, kwa adabu, uombe kuongea na askari aliye zamu. Muulize mwaka alioajiriwa walihakiki nini kwanza. Nenda na daftari, na usiache kuandika atakachokujibu.